Unapiga Picha ya Nini?

Mnamo tarehe 8 Novemba 2001 kambi ya jeshi la anga ya Kalamata, kusini mwa Ugiriki, ilifungua milango ili raia waje kuona ndege. Miongoni mwa waliofika walikuwamo Waingereza 12 na Waholanzi 2, waliosafiri pamoja katika ziara iliyoandaliwa kwa ajili ya watu wa aina yao: mashabiki wa ndege. Shabiki wa namna hii husimama kando ya uzio wa uwanja saa nyingi, jua kali au manyunyu, akisubiri ndege ishuke. Ikishuka anaisoma namba yake, anaiandika daftarini, anaipiga picha panaporuhusiwa, na usiku anailinganisha na orodha ambayo pengine aliianza akiwa mtoto wa shule. Hakuna anayemlipa, wala namba hizo hamuuzii mtu. Uingereza uraibu huu umezoeleka kiasi kwamba yapo majarida yanayouzwa kwa ajili yake. Ugiriki haukujulikana.

Wote 14 wakatiwa mbaroni siku hiyohiyo. Wagiriki walikuwa na sababu za kuwa na wasiwasi. Ilikuwa miezi miwili tu tangu mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani. Mwaka uliotangulia kikundi cha wauaji kilikuwa kimempiga risasi mwambata wa kijeshi wa Uingereza mjini Athens. Michezo ya Olimpiki ya 2004 mjini humo ilikuwa inakaribia. Na siku zote jeshi lao la anga jicho moja liko kwa Uturuki. Madaftari yaliyojaa namba za ndege za kivita yalitosha kuwatia watu hao hatiani hata kabla hawajafungua kinywa. Wageni walikana kupiga picha zilizokatazwa. Mwanamke pekee katika kundi, mke wa kiongozi wa ziara, alijitetea kwamba yeye alikuwa akijaza mafumbo ya maneno. Naye aliwekwa mahabusu kama wenzake kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpaka mashtaka yalipopunguzwa uzito katikati ya Desemba, wakatoka kwa dhamana.

Aprili 2002 walirudi Kalamata kujibu kesi. Wanane walipatikana na hatia ya ujasusi wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Sita walionekana kuwasaidia wenzao, wakapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Walikata rufaa, na Novemba 2002 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu hizo. Mwaka mzima wa mawakili, nauli na usiku wa kukosa usingizi ulikuwa umepita kwa sababu ya namba zilizoandikwa kwenye ndege kwa rangi, mahali ambapo raia walikaribishwa wazitazame.

Swali lililowashinda Wagiriki lilikuwa jepesi: kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu atumie likizo yake na fedha zake kwa jambo kama hili? Jibu la kweli lilikuwa kwamba wanalipenda. Hilo ndilo jibu ambalo askari hulikubali kwa shida kuliko jingine lolote, na historia ya wapiga picha wa ridhaa, wale wanaopiga kwa mapenzi yao tu bila ujira, imejaa watu waliolitoa wasiaminiwe. Mwandishi wa habari anacho kitambulisho cha kazi. Mtalii anayo hoteli na basi lake. Mpima ardhi anayo barua ya ofisi. Jasusi halisi anakuja na maelezo aliyoyaandaa vizuri. Mpiga picha wa ridhaa akiulizwa picha ni ya nini hana cha kuonyesha ila picha yenyewe.

Zamani mpiga picha hakuweza kumvizia mtu. Kamera ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa sanduku zito lililosimama juu ya miguu mitatu. Mwenyewe alijifunika shuka jeusi, na bamba la kioo lilipakwa dawa na kusafishwa papo hapo likiwa bado bichi. Aliyepigwa picha alijua anapigwa, maana aliombwa atulie asitikisike. Mambo yalibadilika yalipoingia mabamba makavu, yaliyonasa mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kufikia miaka ya 1880 madukani New York na London ziliuzwa kamera ndogo zilizoitwa kamera za kipelelezi, na jina hilo lilikuwa tangazo la biashara: nyingine zilifanana na vifurushi, nyingine na vitabu.

Kisha mwaka 1888 George Eastman, wa mji wa Rochester katika jimbo la New York, akatoa Kodak. Ilikuwa sanduku dogo la kushika mkononi, bei yake dola 25, na ndani yake filamu ya picha 100 tayari. Ukizimaliza unaipeleka kamera yote kiwandani pamoja na dola 10. Wanakusafishia picha na kukurudishia kamera ikiwa na filamu mpya. Hukuhitaji kujua dawa wala giza. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa Brownie kwa dola moja tu, na hapo hata mtoto akawa mpiga picha.

Kwa mara ya kwanza binadamu wa kawaida, akitoka nyumbani kwake, hakuwa na hakika kwamba sura yake itarudi naye. Magazeti ya Marekani yakaanza kuwalalamikia vijana wenye Kodak kana kwamba ni kundi la wahuni. Ufukweni, ambako wanawake walioga kwa mavazi ambayo wasingethubutu kuyavaa mjini, malalamiko yalikuwa makali zaidi, na yalikuwa ya haki. Wapo waliokwenda pale kwa nia ya kuvizia. Kuna wapenzi wa kamera wanaosimulia habari za miaka ile kana kwamba umma wote ulikuwa mshamba na kila mwenye kamera alikuwa msanii. Mimi sikubaliani nao. Mwanamke aliyenyoshewa sanduku lile akitoka majini alikuwa na kila sababu ya kuuliza unapiga picha ya nini.

Hata hivyo kifaa kilekile kilifanya kazi ambayo hakuna kingine kingeifanya. Huko Norway, kijana Carl Størmer, mwanafunzi wa hisabati, alinunua kamera ya Stirn: kisahani cha chuma kilichovaliwa ndani ya fulana ya suti, lenzi yake ikichungulia kwenye tundu la kifungo. Uzi ulishuka hadi mfukoni. Kati ya 1893 na 1897 Størmer alitembea kwenye barabara kuu ya mji ambao leo ni Oslo, akikutana na mtu anayemfahamu anavua kofia kumsalimu, na mkono mwingine unavuta uzi. Alipata picha zipatazo 500, ndogo, za duara. Watu waliomo wanaonekana wakiwa katikati ya kuitikia salamu: mwanamke ameanza kutabasamu, mzee ameshika ukingo wa kofia yake. Mmoja wao ni Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia. Baadaye Størmer alipata sifa duniani kwa utafiti wake wa mianga ya angani ya kaskazini, na picha zake za ujana akazionyesha hadharani miaka ya 1940, akiwa mzee.

Mjini London alikuwepo Paul Martin, fundi wa kuchonga picha kwenye mbao, kazi ambayo upigaji picha wenyewe ulikuwa unaiua. Kamera yake aina ya Facile aliibeba kwapani ikiwa kama kifurushi cha mtu anayetoka sokoni. Kwa kamera hiyo aliwapiga wauza samaki, watoto wakicheza mitaani, na wafanyakazi waliojilaza mchangani na wapenzi wao katika ufukwe wa Great Yarmouth mwaka 1892. Matajiri wa enzi ile walikaa studio wakapigwa picha kwa heshima zote. Maskini walipigwa na wageni waliokuja kuwapima na kuwahesabu. Picha zao wakiwa wanacheka, wamepumzika, hawana habari na mtu, tunazo kwa sababu ya watu kama Martin, na Martin alizipata kwa sababu alijificha. Siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili, na sidhani kama yanatenganishika.

Hofu ya umma ilipoingia kwenye sheria, ilichukua njia ambayo haikutarajiwa. Tarehe 15 Desemba 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la sheria la Harvard makala kuhusu haki ya mtu kuachwa na faragha yake. Waliilaumu picha ya papo kwa papo pamoja na magazeti ya udaku. Miaka kama kumi baadaye msichana mmoja wa jimbo la New York alikuta sura yake imechapishwa katika nakala zipatazo 25,000 za tangazo la unga wa ngano bila ridhaa yake. Alishtaki, na mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia, majaji wanne dhidi ya watatu, kwa hoja kwamba haki anayoidai haimo katika sheria. Wananchi walikasirika. Mwaka 1903 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyokataza kutumia jina au picha ya mtu kwa tangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi.

Sheria hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Haikumgusa aliyesimama barabarani na kamera. Ilimgusa aliyechukua sura ya mtu akaifanya bidhaa. Wabunge wa 1903 walitambua kwamba aliyemdhuru yule msichana ni mfanyabiashara wa unga. Kijana mwenye Kodak hakuhusika. Kama dunia ingeendelea na busara hiyo, historia hii ingekuwa fupi.

Ikaja hofu ya vita. Kiangazi cha 1911 Ujerumani ilituma manowari Agadir, pwani ya Morocco, na Waingereza, ambao tayari walikuwa wamelishwa riwaya nyingi za majasusi wa Kijerumani waliojifanya vinyozi na wahudumu wa hoteli, wakaingiwa na kiwewe. Mwezi Agosti mwaka huo bunge lao la makabwela likaipitisha Sheria ya Siri za Serikali katika alasiri moja, kwa mjadala usiofika saa moja. Ilikataza kuchora au kuandika jambo lolote linaloweza kumfaa adui. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichoruhusu nia mbaya ya mshtakiwa ithibitishwe kwa mazingira ya tukio, kwa mwenendo wake au kwa tabia yake ijulikanayo. Yaani haikuhitajika kuonyesha tendo fulani alilolitenda kwa madhara ya nchi. Ilitosha aonekane mtu wa namna hiyo.

Vita vilipoanza mwaka 1914 ikaongezwa Sheria ya Ulinzi wa Nchi, na kila mtu aliyetembea peke yake karibu na bahari akawa wa kutazamwa. Charles Rennie Mackintosh, msanifu majengo mkubwa wa Scotland, alikuwa amekwenda kupumzika katika kijiji cha Walberswick, mashariki mwa Uingereza, akichora maua kwa rangi za maji. Alizoea kutembea jioni ufukweni, lafudhi yake ilikuwa ngeni kwa wanakijiji, na nyumbani kwake kulikutwa barua kutoka kwa wasanii wenzake wa Vienna. Alishukiwa kuwa jasusi, ikambidi aondoke. Hakuwa na kamera. Alikuwa mtu anayetazama vitu kwa muda mrefu bila sababu ambayo jirani angeielewa.

Sheria ile ya 1911 haikubaki Uingereza. Ilienea katika makoloni, na baada ya uhuru Kenya ikatunga Sheria yake ya Siri za Serikali ya 1968 na Tanzania Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, zote mbili zikifuata mkondo huohuo wa maeneo yanayolindwa na makatazo ya kuyachora au kuyapiga picha. Kibao cha marufuku ya kupiga picha kilichotundikwa kwenye ukuta wa kambi au kwenye uzio wa bandari ni mjukuu wa hofu ya manowari moja ya Kijerumani. Msomaji aliyewahi kupigiwa kelele na mlinzi kwa kuinua kamera karibu na daraja anajua jinsi mjukuu huyo alivyo na nguvu hadi leo. Anajua pia kwamba mara nyingi kibao chenyewe hakipo, na mipaka anaichora mlinzi kwa kidole.

Kati ya vita viwili vya dunia kulikuwa na jaribio moja linalonigusa sana. Mwaka 1937 kikundi cha Waingereza kilichojiita Mass Observation kilianza kuwachunguza raia wa kawaida wa nchi yao wenyewe: wanakula nini, wanaimba nini baa, wanaombaje, wanazikaje. Mji uliochaguliwa ulikuwa Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Mpiga picha wao alikuwa Humphrey Spender, ndugu wa mshairi Stephen Spender. Gazetini London alikuwa na kazi yake, na Bolton alikwenda kwa kujitolea. Alibeba kamera ndogo ya Leica ndani ya koti. Alitaka watu wasijue anawapiga, maana wakijua wanajipanga, na mtu aliyejipanga si yule aliyekuja kumtafuta. Lakini Bolton ilikuwa mji wa watu wanaofahamiana, na kila alipofungua mdomo lafudhi yake ya kusini ya watu wa tabaka la juu ilimtangaza. Alishukiwa, alifukuzwa, alitishiwa. Mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba kazi ile ilimwumiza, kwamba alijihisi mgeni katika nchi yake. Aliacha mamia ya picha, na leo mji wa Bolton unazihifadhi kama kumbukumbu yake wenyewe: wanawake wakianika nguo kati ya nyumba za matofali yaliyojaa masizi, wanaume wamekaa baa na bilauri za bia, hakuna anayemtazama mwenzake.

Karibu wakati huohuo, kati ya 1938 na 1941, Walker Evans alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi New York akiwa na kamera ya Contax iliyofichwa ndani ya koti, lenzi kati ya vifungo, na waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti. Evans alikuwa mpiga picha mwenye jina, lakini picha zile hakutumwa na mtu. Alizishikilia robo karne, akazitoa kitabuni mwaka 1966. Inaonekana alijua kuna jambo ndani yake lililohitaji muda kupoa. Mwaka 2004 mamlaka ya usafiri ya New York ilipopendekeza kukataza kabisa kupiga picha ndani ya treni hizohizo, wapiga picha walipanda mabehewa kwa pamoja na kamera zao shingoni, wakipigana picha wao kwa wao mbele ya abiria. Mwaka uliofuata pendekezo likaachwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hoja ya usalama haiwezi kupuuzwa, na sitaipuuza. Mwishoni mwa 1993 Ali Mohamed, mzaliwa wa Misri aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la Marekani, alikuwa Nairobi akiufanyia kazi mtandao wa Osama bin Laden. Aliupiga picha ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, akachora ramani, akaandika ripoti. Filamu zilisafishwa ndani ya nyumba ya kupanga humohumo Nairobi, kama shahidi mmoja alivyoeleza baadaye mahakamani New York. Mohamed alipokiri makosa yake Oktoba 2000 alisimulia kwamba bin Laden aliitazama picha hiyo na kuonyesha mahali ambapo lori la mshambuliaji wa kujitoa mhanga lingeweza kupita. Tarehe 7 Agosti 1998 lori likafika. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam, ambako ubalozi mwingine wa Marekani ulilipuliwa siku hiyohiyo, 11, wengi mno kati yao wapita njia, makarani, wanafunzi wa chuo cha jirani, watu waliokimbilia dirishani baada ya kusikia mlipuko mdogo wa kwanza.

Basi ni kweli kwamba picha moja ilitangulia vifo vile. Mlinzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayemkimbilia mtu mwenye kamera anabeba kumbukumbu hiyo hata kama hakuwa amezaliwa. Lakini tuitazame kesi yenyewe ilivyokuwa. Aliyepiga picha zile alikuwa askari aliyefunzwa, mwenye pasi ya Marekani, mwenye kazi ya kujifichia na majibu tayari kwa kila swali. Mtu wa namna hiyo akiulizwa anapiga picha ya nini atajibu vizuri kuliko sisi sote. Wanaokwama kwenye swali ni wale wasio na siri, kwa sababu hawakujua kwamba watahitaji jibu.

Hilo lilidhihirika London. Sheria ya Ugaidi ya 2000, katika kifungu chake cha 44, iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote ndani ya eneo lililotangazwa, bila kuhitaji kuwa na sababu ya kumshuku. Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba London nzima ilikuwa imetangazwa tangu Februari 2001, na tangazo hilo likihuishwa kila lilipokaribia kuisha, raia hawana habari. Baada ya mabomu ya Julai 2005, yaliyoua watu 52 katika treni na basi la jiji hilo, upekuzi uliongezeka: kutoka watu wapatao 33,000 mwaka 2004/05 hadi zaidi ya 117,000 mwaka 2007/08. Lord Carlile, mwanasheria aliyeteuliwa kuzikagua sheria za ugaidi, alisema wazi kwamba maelfu ya upekuzi huo hayakumtia hatiani mtu hata mmoja kwa kosa la ugaidi.

Mwaka 2008 polisi wa London walitoa bango la kuwaomba wananchi watoe taarifa. Maelfu ya watu hupiga picha kila siku, lilisema. Je, kama mmoja wao anaonekana si wa kawaida? Kwangu mimi, bango lile lina sauti ileile ya sheria ya 1911, ile ya tabia ijulikanayo. Na nani asiye wa kawaida kuliko mpiga picha wa ridhaa? Anapiga ngazi ya dharura. Anarudi mahali palepale wiki tatu mfululizo kwa sababu mwanga wa mara ya kwanza haukumridhisha. Anapiga ukuta mtupu. Katika jiji lililotundikwa kamera za ulinzi kila nguzo, kamera zisizoulizwa na yeyote zinapiga nini, yeye mmoja na kamera yake shingoni ndiye aliyetakiwa kujieleza.

Visa vikafuatana. Aprili 2009 mtalii kutoka Austria, aliyekuja na mwanawe, alipiga picha kituo cha mabasi huko Walthamstow, kaskazini mwa London. Alipenda yale mabasi mekundu ya ghorofa. Polisi wakamtaka azifute picha hizo, na akazifuta mbele yao. Sheria haikuwapa uwezo huo. Mwaka huohuo mpiga picha wa BBC alisimamishwa akiwa ng'ambo ya mto Thames akipiga machweo nyuma ya kuba la kanisa la St Paul's, jengo ambalo sura yake imo kwenye kila rafu ya kadi za posta jijini. Tarehe 16 Februari 2009 kilianza kutumika kifungu kipya cha Sheria ya Ugaidi, 58A, kilichofanya kukusanya au kuchapisha habari za polisi au askari zinazoweza kumsaidia gaidi kuwa kosa lenye adhabu ya hadi miaka kumi. Siku hiyohiyo mamia ya wapiga picha walikusanyika mbele ya makao makuu ya polisi ya New Scotland Yard, wakawapiga picha askari waliokuja kuwalinda.

Wapiga picha wa ridhaa walikuwamo miongoni mwa waliopigana. Mbunge Austin Mitchell, mwenyewe mpenzi mkubwa wa kamera, alikwisha kuwasilisha hoja bungeni mwaka 2008 akiwatetea. Jarida la *Amateur Photographer*, linalochapishwa tangu 1884 na hivyo lenye umri mkubwa kuliko Kodak, liliandika habari hizi wiki baada ya wiki. Ila pigo zito lilitoka kwenye kesi ya watu wawili waliopekuliwa Septemba 2003 karibu na maonyesho ya silaha mashariki mwa London: Kevin Gillan, mwanafunzi aliyekuwa kwenye baiskeli, na Pennie Quinton, mwandishi wa habari aliyekuja na kamera. Quinton alionyesha vitambulisho vyake vya kazi, bado akaamriwa aache kupiga. Kumbukumbu za polisi ziliandika kwamba alisimamishwa kwa dakika tano. Yeye alihisi ni nusu saa. Tofauti hiyo imo ndani ya hukumu ya mahakama, na kwangu inaeleza jambo ambalo takwimu za upekuzi haziwezi kulieleza: jinsi muda unavyokwenda kwa mtu aliyesimamishwa hadharani, mkoba wake wazi, wapita njia wakijiuliza amefanya nini.

Walishindwa katika mahakama zote za Uingereza. Tarehe 12 Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ikaamua kwamba upekuzi ule ulivunja haki yao ya faragha, kwa kuwa sheria ilimwachia askari uamuzi bila mipaka. Siku 11 baadaye, Januari 23, wapiga picha wapatao 2,000 walijaa Trafalgar Square wakiwa na mabango yaliyosema wao ni wapiga picha, si magaidi. Julai mwaka huo Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, akasitisha matumizi ya kifungu cha 44 kwa raia wasioshukiwa, na sheria ya mwaka 2012 ikakifuta. Kifungu cha 58A kimebaki.

Wakati sheria ikibadilika, waandaaji wa tamasha la upigaji picha wa mitaani walitaka kujua hali halisi ikoje barabarani. Tarehe 21 Juni 2011 waliwatuma wapiga picha sita katika sehemu sita za City, mtaa wa mabenki wa London, kila mmoja akifuatwa na mtu wa kurekodi. Waliambiwa wabaki kwenye njia ya umma wasivuke mpaka wa jengo lolote. Wote sita walifuatwa na walinzi wa kampuni binafsi angalau mara moja. Mlinzi alitoka mlangoni na swali lilelile, wakati mwingine akanyosha kiganja mbele ya lenzi. Mara tatu walinzi waliita polisi. Askari walifika, wakasikiliza pande zote mbili, wakawaeleza walinzi kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Wapiga picha waliendelea na kazi yao palepale waliposimama, na walinzi wakabaki mlangoni wakiwatazama.